Kipe mwisho: namna ya kusimamia unachotazama na kusikiliza

Kuna mwaka niliahirisha safari ya kwenda Korogwe kumwona mama kwa wiki tatu nzima. Nauli ilikuwapo, ruhusa kazini ilikuwapo, na mama alikuwa anaumwa. Kilichonizuia ni hofu ya kupanda basi. Ilikuwa imetokea ajali mbali kabisa na njia yetu, na video yake ikaingia katika makundi yangu yote ya WhatsApp, kila kundi na pembe yake: mmoja kapiga akiwa barabarani, mwingine kaongeza maombolezo juu yake, mwingine kavuta picha karibu hadi nyuso zikaonekana. Ajali ilikuwa moja. Mimi nilikuwa nimeiona mara thelathini au zaidi, na mwili wangu ukahesabu ajali thelathini. Mama alipona bila mimi kufika.

Tangu hapo nimekuwa nikijifunza, kwanza peke yangu, baadaye na wenzangu wa kikoba chetu hapa Tanga, namna ya kuishi na simu, redio na runinga bila kuviachia vinichagulie cha kuogopa na cha kutamani. Yaliyo hapa chini ndiyo tuliyoyajaribu tukaona yanashika. Yafuate kwa mpangilio, maana hatua ya tatu haishiki kama ya kwanza umeiruka. Jipe mwezi mmoja.

Hatua ya 1: Andika siku tatu kabla ya kubadili chochote

Tafuta daftari la kawaida la shule. Usitumie simu kwa kazi hii, kwa sababu ukiifungua kuandika utajikuta umeingia kwingine. Chora safu nne: saa uliyoanza, ulichotazama au kusikiliza, kilichokufanya uanze, na ulivyojisikia ulipomaliza. Safu ya mwisho ijaze kwa neno moja tu: nimecheka, wivu, hasira, uchovu, nimejifunza, hofu.

Redio na runinga ziingie pia. Nyumba nyingi runinga huwashwa alfajiri, inasoma magazeti, inahamia kwenye tamthilia, inaishia kwenye mechi usiku, na watu husema "hakuna anayeitazama". Mtoto anayefanya kazi ya shule pembeni yake anaisikia. Andika hata ile ya saluni unakosukia na ile redio ya daladala.

Siku ya nne fungua mipangilio ya simu yako utafute sehemu inayoonyesha muda uliotumia kwenye skrini, kisha linganisha. Mimi daftari lilisema saa mbili kwa siku, simu ikasema saa tano na ushee. Sikuwa nimedanganya, dakika nne nne za kwenye foleni, za kusubiri chai ichemke, za chooni, hazikuwa zimenigusa kumbukumbu kabisa. Bandu bandu huisha gogo, na hapa gogo ni siku yako.

Hatua ya 2: Uliza kila kimoja kimekufanyisha nini

Wengi wetu tukifika hapa tunauliza, "Hiki ni kizuri au kibaya?" Swali hilo halina faida, kwa sababu kila mtu ana utetezi wa anachokipenda. Uliza hivi: wiki hii, hiki kimenifanya nifanye nini, ninunue nini, nimwogope nani, nimwone nani kama si mtu?

Nina sababu ya kuliweka swali hivyo. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati. Alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na wasikilizaji walimfuata hadi UKIMWI ulipommaliza. Kwa miaka miwili ya mwanzo Dodoma haikurushiwa mchezo huo, makusudi, ili watafiti walinganishe. Kule uliposikika, wake na waume walizungumza zaidi kuhusu uzazi wa mpango na wakautumia zaidi kuliko Dodoma. Mwaka 1995 Dodoma nayo ikafunguliwa, na mabadiliko yakaonekana huko vilevile. Hakuna aliyekaa akaambiwa "badilika". Watu walikuwa wanafuatilia hadithi, wanamcheka Mkwaju, wanamwonea huruma mkewe, na huku maisha yao yanahama.

Mwaka ule ule wa 1993, kwa jirani zetu Rwanda, redio nyingine ilianza: RTLM. Ilipendwa. Ilipiga muziki ambao vijana waliutaka, watangazaji wake walichekesha, waliongea kama watu wa mtaani. Katikati ya muziki na vichekesho neno inyenzi, yaani mende, lilirudiwa na kurudiwa kuwahusu Watutsi. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, redio hiyo ilikuwa inataja watu kwa majina na mahali walipo. Hukumu ilitolewa hapa kwetu Arusha, Desemba 2003: mahakama ya kimataifa iliwatia hatiani waasisi wawili wa RTLM, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura.

Naziweka redio hizi mbili bega kwa bega kwa sababu zilipita mlango mmoja. Zote zilifurahisha kwanza. Kwa hiyo usiseme "mimi naangalia tu kujifurahisha, haviniingii". Vinavyofurahisha ndivyo vinavyoingia.

Rudi sasa kwenye daftari. Pitia kila mstari na ulijibu lile swali kwa ukweli. Mwenzetu mmoja aligundua kwamba kurasa tatu za wauza nguo alizokuwa anafuata zilikuwa zimemfanya akope kwenye kikoba mara mbili. Mwingine akakuta kipindi cha kilimo cha Jumapili, alichokuwa anakichukulia kama cha kupitisha muda, ndicho kilichomfanya apande mchicha nyuma ya nyumba. Weka alama: hiki kinabaki, hiki kinapungua, hiki kinaondoka. Cha kuondoka kiondoe siku hiyohiyo, kwa kidole chako, kabla hujalala.

Hatua ya 3: Kirudishie mwisho

Wale tuliokua na Radio Tanzania tunakumbuka kwamba kila kitu kilikuwa na mwisho. Mama na Mwana kikiisha kimeisha, utake usitake, unasubiri wiki ijayo. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilikuwa na dakika zake, ikimalizika wazee wanaijadili barazani na sisi tunaitwa kula. Runinga Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973. Bara tulisubiri hadi 1994, na hata ilipokuja, usiku ilifika mahali ikazima.

Mwaka 2006 mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usioisha: ukifika chini, unaongezeka wenyewe. Baadaye alisema hadharani kwamba anajutia. Ule mwisho wa ukurasa, pale ambapo mtu angejiuliza "naendelea au nalala?", uliondolewa. Video inayofuata nayo inajianzisha yenyewe kabla hujaamua. Kwa hiyo ukishindwa kuacha, usijiite dhaifu. Umewekwa kwenye barabara iliyong'olewa vituo. Kazi yako ni kuvijenga upya, na hivi ndivyo tulivyofanya:

Panga madirisha mawili kwa siku ya habari na mitandao. Langu moja ni baada ya chakula cha mchana, lingine ni baada ya isha, nusu saa kila moja. Chagua yako kulingana na kazi yako, ila lisiwepo lile la kuamkia wala la kulalia. Anayeamkia simu anaanza siku akiwa na ugomvi wa watu asiowajua.

Nunua saa ya mezani ya kengele. Nilidhani ni jambo dogo hadi nilipoliona kwenye daftari: karibu kila asubuhi nilikuwa naishika simu ili nizime kengele, na dakika arobaini baadaye bado niko kitandani.

Zima arifa zote isipokuwa simu ya kawaida, ujumbe mfupi na miamala ya fedha. Zima pia video kujianzisha zenyewe. YouTube na Facebook zote zina kitufe hicho kwenye mipangilio. WhatsApp izuie kupakua picha na video zenyewe. Hii ya mwisho inaokoa MB, lakini faida yake kubwa ni kwamba maiti wa ajali hatakuwa anakusubiri kwenye picha zako pembeni ya picha ya mwanao.

Nunua bando dogo la siku badala ya lile kubwa la mwezi, angalau kwa mwezi huu wa majaribio. Najua hesabu inasema la mwezi ni nafuu. Lakini bando likiisha saa tatu usiku, limekuwekea kituo ambacho mwenye mtandao hakukupa.

Na kama unaweza, badili rangi za skrini iwe nyeusi na nyeupe. Simu nyingi zinaruhusu. Kuperuzi picha zisizo na rangi kunachosha upesi, na hicho ndicho tunachokitaka.

Hatua ya 4: Makundi ya WhatsApp

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwetu hili ndilo gazeti, ndilo baraza, ndilo soko, na ndilo msiba. Huwezi kuliambia kundi la ukoo "nimeamua kupunguza mitandao" ukaeleweka. Usijitoe. Zima sauti ya kundi, liondoe kwenye ukurasa wa mbele, kisha lifungue kwenye dirisha lako la siku. Waambie ndugu wa karibu: kukiwa na ugonjwa au msiba, nipigieni. Wanapiga.

Kisha weka sheria tatu za kusambaza, uziandike kwenye jalada la daftari.

Ya kwanza, tazama mishale. Ujumbe wenye mishale miwili juu yake umepita kwenye mikono mingi, mara tano au zaidi, kabla ya kukufikia. Tangu Aprili 2020 WhatsApp yenyewe hairuhusu ujumbe wa namna hiyo kupelekwa zaidi ya sehemu moja kwa mara moja. Ukiona mishale hiyo jua kwamba aliyekutumia hakuandika, na huenda aliyemtumia yeye naye hakuandika. Hakuna wa kumuuliza.

Ya pili, subiri saa moja. Ujumbe wa kweli utakuwa bado wa kweli baada ya saa moja. Wa uongo mara nyingi ndani ya saa hiyo utakuwa umekanushwa. Katika saa hiyo tafuta: je, chombo chochote chenye mhariri na anwani kimeandika? PesaCheck na Africa Check, wanaochunguza ukweli wa habari, wamekwisha kuuchunguza? Picha hiyo si ya nchi nyingine, ya mwaka mwingine? Sauti iliyorekodiwa ya mtu anayesema "mimi ni daktari wa hospitali kubwa" bila kutaja jina wala hospitali, ichukulie kama barua isiyo na sahihi.

Ya tatu, usisambaze hata kwa kuuliza. "Jamani hii ni kweli?" ni kusambaza. Mwaka 1977 wanasaikolojia watatu Marekani, Hasher, Goldstein na Toppino, waliwapa wanafunzi sentensi za kweli na za uongo, katika vikao vitatu vilivyopishana wiki mbili. Sentensi zilizorudiwa wanafunzi walizidi kuziona za kweli, hata zilizokuwa za uongo. Kusikia mara nyingi kunafanana mno na kujua. Sisi Waswahili tuna methali inayotuponza hapa, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ilikuwa methali ya mtaa, ambapo lisemwalo lilikuwa na wasemaji unaowaona. Leo lisemwalo linaweza kuwa limetungwa na mtu mmoja chumbani, nchi usiyoijua, na "laja" kwa sababu mimi na wewe tumelibeba.

Kuna hili la wazee, na wengi hushindwa hapa. Mjomba katuma dawa ya sukari ya majani fulani na anasema watu waache sindano. Usimrudi kwenye kundi. Mtu mzima akiaibishwa mbele ya wajukuu hataacha kutuma, ataacha kukuamini. Mfuate pembeni, tena kwa sauti kuliko kwa maandishi, uanze na heshima yake: "Shikamoo mjomba. Ile ya dawa nimeisikiliza yote. Nimemuuliza muuguzi wa kliniki ya sukari, kanambia mgonjwa akiacha sindano ghafla anaweza kuzidiwa. Nakuomba mjomba, kwa vile wewe ndiye wanayekusikiliza, uwaambie mwenyewe wasiache." Mjomba wangu aliandika marekebisho kwenye kundi jioni ileile, na tangu siku hiyo hunitumia mimi kwanza, kabla ya kundi.

Hatua ya 5: Watoto

Kwa ufupi, kwa sababu mtoto anafuata macho yako kuliko maneno yako. Chaja zote zikae sebuleni, na simu zote zilale huko, ya baba ikiwamo. Wakati wa kula hakuna runinga. Mara moja kwa wiki kaa na mtoto atazame anachopenda, hata kama hukielewi, na uulize: huyu kwa nini amefanya hivi? Nani amelipia tangazo hili? Kwetu mtaani mtu anaweza kuishi hivi? Binti yangu wa darasa la sita alinijibu swali la tatu kwa kuniuliza kwa nini wasichana wote kwenye tamthilia yetu ni weupe. Tulizungumza mpaka chakula kikapoa.

Usimpokonye simu kama adhabu. Utaifanya kuwa kitu chenye thamani kuliko vyote ndani ya nyumba.

Hatua ya 6: Sikilizeni pamoja, kisha fanyeni kitu kimoja

Ukipunguza saa tatu kwa siku, saa hizo zitataka mwenyewe. Zisipopata zitarudi kwenye simu, na ndiyo sababu watu wengi huanza vizuri Januari na kuishia hapo.

Mwaka 1973 nchi hii ilikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wazima wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, vijijini kwa wingi, wakasikiliza kipindi kifupi, mmoja akasoma kijitabu kwa sauti, wakajadili: je, haya yapo kwetu? Kisha wakaamua la kufanya. Wakachimba vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba, wakafukia madimbwi ya mbu. Redio ilikuwa moja kwa kundi zima na ilizimwa kipindi kilipokwisha. Kila nikifikiri namna ya kutumia vyombo vya habari vizuri narudi kwenye picha hiyo: kusikia, kuzungumza, kisha jembe.

Sisi tumeiga. Kila Jumamosi baada ya kukusanya hisa za kikoba, wanawake sita tunasikiliza kitu kimoja cha dakika ishirini. Huchaguliwa na mmoja wetu kwa zamu: kipindi cha redio, mahojiano, wakati mwingine ile video ambayo kila mtu anaiongelea wiki hiyo. Simu nyingine zote ziko kwenye kikapu. Tunaulizana maswali matatu: nani anasema, anataka tufanye nini, na sisi wenyewe tumeona nini? Kabla ya kuagana tunakubaliana tendo moja la wiki. Baada ya kusikiliza kipindi kuhusu shinikizo la damu, tendo lilikuwa kwenda kupima. Wawili wetu walikutwa nalo, na hawakuwa wanajua.

Huhitaji kikoba. Mke na mume wanatosha, au mpangaji wa chumba cha pili. Kinachohitajika ni mtu wa kukuuliza, "Hivi hilo umelithibitisha?" uso kwa uso.

Hatua ya 7: Rudia daftari baada ya mwezi

Siku tatu tena, safu zilezile nne, halafu weka kurasa mbili pembeni kwa pembeni. Soma safu ya nne tu, ile ya neno moja. Kwangu neno "hofu" lilikuwa limeandikwa mara kumi na moja mwezi wa kwanza na mara mbili mwezi wa pili. Vilivyorudi kinyemela, na vitakuwapo, viondoe upya. Kama dirisha ulilochagua halikufai, lisogeze. Langu la usiku nilianza nalo saa tatu, nikalirudisha nyuma baada ya kuona linanila usingizi.

Ongeza safu ya tano mwezi huo wa pili: nilichofanya na muda uliorudi. Mstari wangu wa kwanza katika safu hiyo unasema, "Jumamosi, basi la saa kumi na mbili asubuhi, Korogwe."